Minazi Yetu Katika Daftari la London

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza kama nilikipata nilichokifuata. Nikijibu ndiyo, ananipa mkono wa pongezi, na mimi natafuta njia ya kuondoka kabla hajauliza la pili. Nimechoka kuwakimbia watu ninaowapenda. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Mliosoma nami chuoni Mlimani someni kwanza, kisha mtapitishiana. Habari za viza, tiketi na barua za mwaliko naziruka, maana hazina tofauti na za mtu mwingine yeyote.

Pangani, na mdomo wangu

Aliyenilea ni Mama Mkubwa, Bi Mwanaidi, dada yake mama. Ana shamba la minazi pembezoni mwa mji, upande wa barabara ya Tanga. Wapima viwanja walipofika, jirani yetu Mzee Kombo alisema ardhi ile ni ya ukoo wake. Mama Mkubwa akasema ni yetu tangu kwa babu wa babu yake. Shauri likaenda baraza la kata. Kila upande ukaleta mashahidi, wazee watupu, wote wana uhakika, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo.

Mnanijua. Siwezi kukaa kimya mtu anaposema "tangu zamani" kana kwamba zamani ni jibu. Nilisimama bila kuombwa. Nikaliambia baraza kwamba kabla ya Wajerumani kufika, daktari mmoja Mwingereza aliyekaa Pangani aliuhesabu mji mzima, watu, nyumba na mashamba, na daftari lake limehifadhiwa London. Nililiona limetajwa kwa maandishi madogo chini ya ukurasa wa kitabu kimoja chuoni.

"Tuache maneno ya kusikia," nilisema. "Tuamue kwa karatasi."

Mwenyekiti alimgeukia Mzee Kombo. "Unakubali?"

"Nakubali. Ila akiileta, aisome yote."

"Bi Mwanaidi?"

Mama Mkubwa alinigeukia. "Si mwanangu huyu? Nitakataaje mbele za watu?"

Tulipotoka nje alinivuta pembeni. "Zuhura, kwani mimi nilikuomba karatasi?"

Nilicheka. Nilikuwa na uhakika mwingi kuliko wale wazee niliokuwa nikiwadharau. Miezi kadhaa baadaye nikapata nafasi ya semina ya wiki mbili London, na baraza likapanga kukaa siku ya tatu baada ya mimi kurudi.

Dar hadi London, kwa njia ya benchi

Ndege ya kwanza iliondoka Dar vizuri. Ya pili, kule tulikobadilishia, ilichelewa kutwa nzima bila mtu kutuambia kwa nini. Kila nilipokwenda kuuliza, yule dada wa dirishani alinijibu kwa tabasamu lilelile, nami nikawa nahesabu siku zangu zinavyopungua. Semina ingenibana asubuhi zote isipokuwa chache, na mchana maktaba yenye lile daftari ingefungwa mapema.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, anayeishi London miaka mingi na kufanya kazi ya kuwatunza wazee wa Kizungu majumbani mwao. Alikuwa na mfuko wa samaki wakavu uliofungwa kwa mipira ya baiskeli, na alikuwa ameukumbatia kama mtoto.

"Weye unaenda kufanya nini kule?" aliniuliza.

"Kutafuta daftari. La watu waliohesabiwa zamani mjini kwetu."

"Na bale watu wako bado bazima?"

"Walishakufa wote."

"Mungu wangu!" Alipiga makofi. "Siye kwetu tunakimbia kuhesabiwa, weye unapanda ndege juu ya kuifuata!"

Akanieleza kwamba kijijini kwao, watu wenye kalamu walipita nyumba kwa nyumba, na baada yao wakaja watu wenye bunduki. Tangu hapo, mtu akimuuliza wako wangapi ndani, anasema yuko peke yake.

"Huyo daktari wako," aliniambia, "alikuwa anatafuta nini?"

Mimi, ninayemuuliza kila mtu alijuaje analolijua, sikuwa nimeliuliza daftari lile swali hata moja. Nilimwambia alikuwa msomi tu. Akanikatia kipande cha samaki, akasema, "Kula, mtoto. Msomi na yeye anakulaka." Nilikula, nikilirudia swali lake kimoyomoyo.

Uwanjani London, afisa alipouliza nimefuata nini, nilijibu kwa Kiingereza changu kirefu cha chuoni kwamba nimekuja kwa semina, na pia kwa ajili ya nyumba na shamba la familia yangu.

"Nyumba ipo sehemu gani ya Uingereza?"

"Haipo Uingereza. Ipo Pangani."

"Na shamba utalilima wewe mwenyewe?"

"Silimi. Nimekuja kulisoma."

Aliweka kalamu chini. Nilikalishwa kwenye viti vya pembeni, nikawatazama wenzangu wote wa ndege ile wakipita, akiwemo yule mama na samaki wake. Lilikuwa kosa langu. Ningesema semina nikanyamaza, ningepita. Aliporudi, aliniuliza kuhusu semina tu, nikajibu kuhusu semina tu, akaniachia.

Hayes, kwa Saidi

Nilifikia Hayes, karibu na uwanja wa ndege, kwa Saidi, mtoto wa kwanza wa Mama Mkubwa. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Siku nyingine anaingia shifti ya alfajiri, siku nyingine ya mchana, na mkewe muuguzi anaingia yeye akitoka, kwa hiyo wanaonana mlangoni. Binti yao wa miaka sita, Amina, anaelewa Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza.

"Mwamkie shangazi," Saidi alimwambia.

Amina akanipungia mkono, akasema "hi", akarudi kwenye televisheni.

"Ndiyo shikamoo ya huku hiyo," Saidi akasema. "Ipokee, hakuna nyingine."

Alisonga ugali wa semolina, maana unga wa mahindi ulikuwa umeisha, na ulikuwa laini mno, ukiukamata unateleza. Ukutani sebuleni alikuwa amebandika mchoro wa nyumba: vyumba vitatu, baraza pana mbele, na nyuma yake vijiti vilivyochorwa kwa kalamu ya kijani.

"Hiyo ni minazi ya mama," alisema. "Nimemwambia fundi asikate hata mmoja. Nikistaafu huku, nakaa pale nahesabu nazi tu. Sasa wewe niletee hiyo karatasi, tumalizane na Kombo."

Niliutazama ule mchoro, nikakumbuka swali la mama wa Bukavu, nikabadilisha mazungumzo.

Mjini, siku nne za kungoja

Maktaba ipo katikati ya jiji. Siku ya kwanza mhudumu, kijana mpole mwenye glavu, aliniambia daftari liko kwa wanaolishona upya. Siku ya pili lilikuwa bado. Siku ya tatu limerudi, lakini aliyeruhusiwa kulitoa hakuja kazini. Kila siku nilirudi Hayes kwa treni nikiwa nimesimama, na kila siku Saidi aliniuliza akiwa bado na viatu vya kazi, "Vipi?" Nikamwambia bado. "Wazungu nao wana njoo kesho?" alisema. "Nilidhani hiyo ni ya kwetu."

Siku ya nne liliwekwa mbele yangu juu ya mto wa sponji, nikapewa penseli. Ulikuwa mji wangu wote, mtaa kwa mtaa. Nyumba ya mawe, ghorofa moja. Nyumba ya udongo, paa la makuti. Wanaume, wanawake, na safu ya tatu ya watoto. Safu ya watoto ilikuwa tupu karibu kurasa zote. Daktari alikuwa ameandika pembeni kwamba watu wa mji huu wana uzazi hafifu.

Nilicheka kwa sauti mpaka mhudumu akanitazama. Uzazi hafifu! Hata leo, muulize Mama Mkubwa ana watoto wangapi, atakwambia, "Wapo, alhamdulillah." Watoto hawahesabiwi mbele ya mgeni. Nimewahi kubishana naye sana juu ya hilo, kwamba namba haiui mtu. Na sasa nilikuwa namtazama mzungu mwenye elimu yake akiandika mji usio na watoto, kwa sababu kila mama alimwambia wapo, naye akasogea nyumba ya pili.

Kisha nikaacha kucheka. Kama walimficha watoto, mashamba je?

Nyumba yetu niliipata kabla ya saa sita: Juma wa Makame, babu wa babu yake Mama Mkubwa, nyumba ya udongo. Jirani yake, Haji wa Kombo. Nikafunua haraka sehemu ya mashamba. Haukuwa mwandiko wa daktari. Alieleza kwa mstari mmoja kwamba mashamba yaliandikwa na karani wa forodhani, Mhindi wa Kachi, kule Bara Hindi, kwa kuwa karani ndiye anayeyajua. Na karani aliandika kwa herufi zake za Kigujarati. Kurasa nzima sikuweza kusoma hata neno.

Nilitolewa nakala za kurasa mbili ambazo, kwa mpangilio wa mitaa, zilikuwa za mtaa wetu. Nilibakiwa na siku moja kabla ya kupanda ndege.

Kingsbury, kwa Bi Kanta

"Usilie," Saidi aliniambia jioni ile. "Kingsbury nanunua muhogo na unga kwa bibi mmoja wa Tanga. Mhindi, lakini akifungua mdomo utadhani bado yuko Ngamiani, Tanga kwao. Nenda."

Kesho yake nilipanda treni ya Metropolitan kutoka katikati ya jiji nikijua nitabadilisha njiani. Sikujua kwamba ile niliyoingia ilikuwa ya haraka na inaruka vituo. Niliviona vikipita dirishani, kimoja baada ya kingine, watu wamesimama na mifuko yao, na mimi nimeshika mlango ambao haukuwa na nia ya kufunguka. Ikaniteremsha Harrow. Nikapanda basi kurudi upande nilikotoka, nikafika dukani na kukuta limefungwa: bibi alikuwa mandirini, hekalu la Wahindu, kwenye sala. Nilingoja kwenye ukuta mfupi wa nje, nimeikumbatia bahasha yenye zile nakala kama yule mama alivyokumbatia samaki.

Alipofika, mwanamke mfupi mwenye sari na koti la sufu juu yake, nilimwamkia kwa Kiswahili. Alisimama na funguo mkononi.

"Wa wapi wewe?"

"Pangani."

"Pangani mjini au ng'ambo, Bweni?"

"Mjini."

"Haya, ingia ndani. Watu wa Pangani hawasemi wana njaa mpaka waanguke."

Jina lake Bi Kanta. Alizaliwa Tanga, akaondoka na wazazi wake akiwa binti, na anasema anaota ndoto kwa Kiswahili na kugombana kwa Kigujarati. Alinikaangia muhogo, akaunyunyizia pilipili na ndimu, na hakuigusa bahasha mpaka nimalize sahani. Kisha akavaa miwani, akachukua na kioo cha kukuzia, akainama.

"Huyu karani alikuwa na haraka," alisema. "Kama baba yangu. Herufi nusu, nusu nyingine umalizie mwenyewe."

Kidole chake kilikuwa kinatoka safu hii kwenda ile, kinarudi. Niliona kinarudia mstari mmoja mara tatu.

"Mwanangu, nikusomee ilivyo, au nikusomee ulivyokuja kuitaka?"

"Ilivyo," nilisema.

"Hapa kuna safu mbili. Hii ya mimea, hii ya ardhi. Minazi: ya Juma wa Makame. Ardhi iliyo chini yake: ya Haji wa Kombo."

Nilimwomba asome tena. Akasoma tena, ikawa vilevile.

"Mbona unashangaa?" alisema. "Pwani yote ilikuwa hivyo. Mtu anapewa ruhusa anapanda. Mnazi wa aliyepanda, mchanga wa mwenyewe. Baba yangu alinunua minazi Tanga, hakuwahi kununua hata kiganja cha udongo."

Sikushangaa kwa kutojua. Hilo ndilo lililonichoma. Nilifundishwa darasani, nikaliandika kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Haikunijia hata siku moja kwamba linaweza kutuhusu sisi. Daktari aliyeuliza "shamba la nani" angepata jina moja na kuridhika. Karani wa forodhani alijua kwamba swali lile lina majibu mawili, akachora safu mbili.

Bi Kanta aliniandikia tafsiri kwa Kiswahili, kwa mkono wake, akatia sahihi. Aliponikabidhi hakuiachia mara moja.

"Pangani kuna anayesoma Kigujarati siku hizi?"

"Sidhani."

"Basi ni wewe tu," alisema, akaiachia.

Hayes tena

Nilimwambia Saidi kabla hajavua koti. Alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe, mimi na Bi Kanta."

"Basi iache hapa. Kaseme daftari limeoza, limeliwa na mchwa, limeibiwa. Nani atapanda ndege kuja kuhakikisha?"

"Nilisema tuamue kwa karatasi."

"Ulisema wewe! Mama hakusema. Mimi sikusema. Wewe ndiye hupumziki mpaka ujue, haya, umejua. Umefurahi?"

Amina alikuja mlangoni kuangalia tunagombana nini. Saidi akashusha sauti. "Dada, ni mama yangu yule. Atakaa wapi kivulini?"

Nilimpigia Mama Mkubwa kwa kadi ya simu, kwenye simu ya jirani yake mwingine. Laini ilikuwa inakatika. Nilimweleza kila kitu, minazi yetu, ardhi yao. Nilisikia kuku, na mtu akitwanga mbali.

"Mama Mkubwa? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nifanyeje?"

"Hukuniuliza ulipokwenda, unaniuliza unaporudi?" Akakohoa. "Njoo nayo. Siwezi kuambiwa mwanangu aliificha."

Ndege ya kurudi haikuchelewa hata dakika. Nilitamani ichelewe. Niliikalia ile bahasha njia nzima kwa kuogopa itapotea, na nilipofika Dar nikagundua nilikuwa naogopa zaidi kwamba haijapotea.

Pangani, siku ya tatu

Nilisoma yote. Nilipofika safu ya pili niliona wanawake wa upande wetu wakitazamana. Sikumtazama Mama Mkubwa.

Mzee Kombo hakushangilia. Alisema tu, "Mimi sikujua habari za minazi. Nilidhani na minazi ni yetu. Sasa nimesikia, sitaigusa."

Baraza liliamua hivi. Ardhi ipimwe kwa jina la ukoo wa Kombo. Minazi iliyopo ni ya Bi Mwanaidi na wanawe mpaka uanguke wa mwisho, na asipande mingine. Nyumba ya Saidi haitajengwa pale. Iandikwe orodha ya kila mnazi uliosimama siku ile, ipelekwe kwa mwenyekiti Ijumaa.

"Nani aandike?" mwenyekiti akauliza. "Kila upande utoe mtu?"

"Aandike Zuhura peke yake," Mzee Kombo akasema. "Hasemi uongo huyu, tumeshamwona."

Siku mbili Mama Mkubwa hakusema nami, ingawa chakula aliniwekea, na kipande kikubwa cha samaki kilikuwa changu kama siku zote. Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni na panga la kufyekea.

"Chukua kalamu yako."

Tulianzia upande wa barabara. Alikuwa anagusa kila mnazi kwa kiganja, ananieleza, nami naandika. Huu aliupanda babu. Huu ulipigwa radi ukapona. Huu nazi zake ndogo lakini tui lake zito. Huu Saidi aliangukia hapa akavunjika mkono. Nilikuwa nahitaji umri na mahali ulipo tu, lakini niliandika na hayo mengine, maana hakuwa ananiachia nafasi ya kukata. Jua lilipanda. Alikwenda bila kupumzika, mstari kwa mstari, mpaka tukafika mwisho wa shamba, kwenye mtaro unaotutenga na kwa Mzee Kombo.

Pale palikuwa na mche mmoja wenye majani mawili. Udongo wa kuuzunguka ulikuwa mweusi na umelowa, na alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana. Nilitazama mikono ya Mama Mkubwa. Aliiweka nyuma.

"Na huu," alisema.

Mnajua mimi ni mtu wa kuuliza. Nilikuwa na swali moja tu, ulipandwa lini, na alikuwa amesimama pale ananingoja niliulize.

Nikauandika.